Jina la Aliyetumwa Ng'ambo: Mwongozo kwa Karani wa Usharika

Ndugu karani, wewe uliyekabidhiwa daftari la washarika, liwe ni kitabu cha jalada gumu ulichorithi kwa karani aliyekutangulia au ni kanzidata iliyomo ndani ya kompyuta ya ofisi, siku moja utaletewa habari kwamba msharika wenu mmoja, aghalabu pamoja na ahali yake, amewekewa mikono mbele ya altare na kutumwa kwenda kuitumikia Injili ng'ambo. Na kwaya ikiisha kuimba, na watu wakiisha kurejea majumbani kutoka uwanja wa ndege, litakalobaki mikononi mwako ni swali moja dogo ambalo yamkini hakuna aliyekufundisha jibu lake, nalo ni kwamba jina la mtu huyu sasa liandikwe wapi.

Mimi nalilijibu vibaya. Katika usharika niliokuwa karani wake, mama mmoja muuguzi alitumwa nchi ya mbali, na bahasha yake ya ahadi ilipokaa tupu mwaka wa kwanza na wa pili, nami nikiwa nimeagizwa kulisafisha daftari kabla ya uchaguzi wa wazee wa kanisa, nikalipiga mstari jina lake kama nilivyoyapiga mistari majina ya waliohama bila kuaga. Aliporejea baada ya miaka sita alikuja ofisini na binti yake, aliyetaka kuandikishwa darasa la kipaimara, nami nikalifungua daftari mbele yao wote wawili. Aliutazama ule mstari kwa muda. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya upole, kama ilimpasa kuandika barua ya kuomba kupokelewa upya.

Haya yafuatayo nimeyaandika ili wewe usije ukaulizwa swali hilo.

Kwanza, sababu

Zamani wamisionari walikuwa wakija kwetu, na kumbukumbu zao zilikaa kwao. Twajua leo kwamba Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kwamba mkewe Rosina alifariki huko Julai ya mwaka huo huo pamoja na mtoto wao mchanga, na kaburi la bibi huyo lajulikana hata sasa upande wa Nyali, kwa kuwa barua ziliandikwa, zikapokewa, na zikahifadhiwa. Na majalada ya CMS, chama cha misioni kilichomtuma, yangali yakisomwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana desturi ya kale zaidi ya hiyo: muumini huandika mwenyewe habari za maisha yake, nazo husomwa siku ya maziko yake kisha huwekwa akiba, na nyingi za namna hiyo zimo katika hifadhi yao ya Herrnhut, Ujerumani. Walakini makatekista na walimu wa kwetu waliovuka mipaka kwa miguu, wakaingia nchi zisizo zao wakihubiri kwa lugha walizojifunza ukubwani, wengi wao hawana hata mstari mmoja. Apolo Kivebulaya, aliyetoka Uganda akaingia Mboga katika Kongo mwaka 1896, akatumika kwa watu wa msituni na kufa huko mwaka 1933, twamjua vizuri kwa sababu aliacha shajara zake mwenyewe. Wenzake ambao hawakuandika, na ambao huko walikotoka hapakuwa na karani wa kuwaandika, wamepotea na majina yao.

Siku hizi mkondo umegeuka. KKKT, kanisa lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika, latuma watumishi nje ya mipaka. Na United Evangelical Mission, yenye makao yake Wuppertal, tangu mwaka 1996 ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani ambamo kila upande hutuma na kila upande hupokea, hata ikawa si ajabu tena kumkuta mchungaji wa Kitanzania akihudumu katika usharika wa Kijerumani. Kwa hiyo daftari ambalo zamani lilitunzwa Ulaya, leo ni lako.

Fauka ya historia, ziko sababu za kila siku. Mtu aliye mbali huhitaji hati: ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa, barua ya utambulisho, na hati hizo hutoka kwako, pengine kwa haraka, pengine usiku wa Jumamosi. Wazazi aliowaacha nyuma huhitaji kutembelewa, na mzee wa mtaa hatajua kwamba bibi yule wa nyumba ya mwisho ana mwana utumishini endapo daftari halisemi. Na dayosisi inapotaka hesabu ya mwaka, mtu mmoja akihesabiwa mara mbili, au asipohesabiwa kabisa, hesabu nzima huwa si kweli.

Mambo matatu yasiyokaa safu moja

Kanzidata nyingi za makanisa, na madaftari mengi ya karatasi kadhalika, zina safu moja iliyoandikwa "Hali", na ndani yake karani huandika neno moja tu: yupo, amehama, hahudhurii, amefariki. Safu hiyo ndiyo chimbuko la takriban kila taksiri nitakayoitaja hapa, maadamu mtu aliyetumwa ng'ambo hana neno linalomfaa ndani yake: hayupo, ilhali hakuhama; hahudhurii, ilhali hakuiacha imani; na ukimwandika "yupo", mzee wa mtaa atakwenda kila mwezi kubisha hodi kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli. Igawanye safu hiyo iwe tatu.

*Uanachama* ni kifungo cha mtu na usharika wake. Huanza kwa ubatizo au kwa barua ya kuhamia, na huisha kwa kifo, au kwa barua ya kuhama iliyoombwa na mwenyewe, au kwa uamuzi wa baraza la wazee ulioandikwa katika kumbukumbu za kikao. Safari haimo katika orodha hiyo, wala bahasha tupu haimo.

*Maskani* ni mahali anapolala leo. Hubadilika mara kwa mara, na kubadilika kwake hakugusi uanachama hata kidogo.

*Utumishi* ni kazi aliyotumwa, nayo ina mwanzo, ina mwisho unaotarajiwa, na ina aliyemtuma, awe ni usharika, dayosisi, au chama cha misioni.

Ukitumia kompyuta, weka jedwali la washarika ambamo kila mtu ana mstari mmoja na namba moja isiyobadilika, kisha uweke pembeni jedwali la utumishi ambamo kila kipindi cha kutumwa kina mstari wake, ukiungwa na mtu kwa namba ile ile. Aliyetumwa Msumbiji miaka minne, akarejea, kisha akatumwa Ujerumani, atakuwa na mstari mmoja katika jedwali la kwanza na mistari miwili katika la pili, wala hakuna kilichofutwa. Ukitumia kitabu, tenga kurasa za nyuma kwa ajili ya watumwa wa Injili, ukurasa mmoja kwa mtu mmoja, na mbele ya jina lake katika daftari kuu uandike namba ya ukurasa huo. Kuhusu programu ipi inafaa sina mengi ya kusema. Jedwali la kawaida la Excel linalofunguliwa kila juma na mtu mwangalifu latosha kwa usharika mkubwa.

Neno moja juu ya namba. Usitumie namba ya bahasha kuwa namba ya msharika, kwa maana bahasha hugawiwa upya, na namba ya aliyesafiri hupewa mtu mwingine mwaka unaofuata, na hapo matoleo ya mgeni huanza kuandikwa chini ya jina la mtu aliye mbali bila mtu yeyote kutambua.

KISANDUKU: Maneno ya kutumia katika safu ya utumishi

- Anaandaliwa (amekwisha kuteuliwa, hajasafiri)
- Yuko utumishini
- Likizoni nyumbani (atarudi utumishini)
- Amerejea (kipindi kimekwisha)
- Amefariki utumishini

Kila neno liwe na tarehe yake. Neno jipya huandikwa chini ya lile la zamani, halilifuti.

Kabla hajapanda ndege

Weka miadi naye, walau majuma mawili kabla ya safari, mkae ofisini kwa utulivu bila watu kuingia na kutoka. Siku ya ibada ya kutumwa si siku ya kazi hii. Siku hiyo ana machozi na wageni. Mkiisha kukaa, fuateni utaratibu huu:

1. Msomee kumbukumbu zake zote kwa sauti, kuanzia ubatizo, naye asahihishe. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza kwake kuzisikia, na makosa ya miaka ishirini hujitokeza papo hapo.
2. Andika majina yake kama yalivyo katika pasi ya kusafiria, herufi kwa herufi, kisha pembeni jina la ubatizo kama lilivyo katika kitabu cha ubatizo, kisha jina analoitwa na watu.
3. Mpe kila mmoja wa familia mstari wake: mke au mume, na kila mtoto, ukionyesha nani asafiri na nani abaki. Mtoto anayeachwa kwa bibi yake ili amalize shule asiandikwe kuwa yu ng'ambo kwa kuwa baba yake yuko ng'ambo.
4. Andika namba za simu kwa alama ya kujumlisha na namba ya nchi, yaani +255 bila sifuri inayofuata, na usidhani kwamba laini yake ya nyumbani itaendelea kuishi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kuuzwa kwa mtu mwingine. Anwani ya barua pepe ndiyo isiyobadilika sana.
5. Andika ndugu wa kuarifiwa, wawili, wasiokaa nyumba moja, na uwapigie simu wote wawili yeye akiwa mbele yako, ili ujue kwamba namba ni sahihi na kwamba wao wenyewe wamekubali.
6. Mpe fomu ya idhini, asome, ajaze, atie sahihi.
7. Andika tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurejea inayotarajiwa, na tarehe utakayokagua mstari huu kwa mara ya kwanza.

Tarehe zote andika mwezi kwa jina. Ukiandika 05/03, wewe utamaanisha tarehe tano Machi, na Mmarekani atakayepokea hati atasoma tarehe tatu Mei. Vivyo hivyo saa: "saa tatu usiku" iandikwe 21:00 katika kila barua inayovuka bahari, maana mgeni ataiona tatu na kusubiri simu usiku wa manane.

Sasa turudi kwenye majina, kwa kuwa hapo pana matata kuliko watu wadhanivyo. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake, na la baba, na la babu au la ukoo. Mke aghalabu haliachi jina la baba yake kwa kuolewa. Na katika familia moja baba, mama na mtoto waweza kuwa na majina ya mwisho matatu mbalimbali, wala jirani hashangai. Ofisi za Ulaya hutaka "jina la familia", nazo hulichukua lile la mwisho katika pasi, na hapo ndipo watu watano wa nyumba moja waonekanapo kama watu wasiojuana. Barua ikija kutoka kanisa lenyeji ikitaja jina ambalo huna, usiandike mstari mpya. Watu wengi wamezaliwa mara ya pili katika kanzidata kwa njia hiyo, mmoja akiwa na ubatizo na mwingine akiwa na ndoa. Tafuta kwanza kwa tarehe ya kuzaliwa, kisha kwa jina la kwanza, kisha kwa jina la mwenzi wa ndoa. Ukimpata, ongeza jina hilo geni katika safu ya "majina mengine", ukiandika ni nani alitumiaye.

Ukimkuta amekwisha kuandikwa mara mbili, usifute upesi mmoja. Chukua mstari wenye namba ya zamani uwe ndio asili, hamishia kwake kila kilichomo katika mstari wa pili, kisha mstari wa pili uufunge kwa maneno "umeunganishwa na namba fulani", ukiuacha uonekane.

Idhini, na mambo ya siri

Habari za imani ya mtu si habari za kawaida mbele ya sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ndani yake imani ya dini imetiwa katika taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Na katika nchi za Umoja wa Ulaya, anakokwenda kutumika pengine huyu mtu wako, kanuni za namna hiyo zinatumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Sheria ya Tanzania yataka pia wakusanyaji wa taarifa wajisajili kwa Tume iliyowekwa kwa kazi hiyo. Muulize katibu mkuu wa dayosisi jambo hili limefikia wapi kwenu, wala usilinyamazie.

Lakini hata kama sheria isingekuwapo, idhini ingetakiwa. Fomu yako isiulize jambo moja la jumla, "je, waturuhusu kutumia habari zako?", bali itenganishe, kila swali na sahihi yake: jina lisomwe kanisani wakati wa maombi? Picha ibandikwe ubaoni? Barua zake zisomwe kwa washarika wote, au kwa mchungaji na wazee tu? Namba yake ya simu apewe anayeiomba? Wazazi wake watajwe? Mtu aweza kuikubali picha na kuikataa simu, na anayo haki ya kugeuza nia akiwa huko huko.

TAHADHARI: Anayetumika mahali penye hatari

Ziko nchi ambako kuhubiri ni kosa la jinai, na ziko nchi ambako neno "mmisionari" katika ujumbe wa simu latosha kumfukuzisha mtu, au kumwingiza gerezani yule mwenyeji aliyemkaribisha. Kwa mtu kama huyo:

- Katika daftari kuu andika "yuko utumishini, nje ya nchi", basi. Jina la nchi na la mji lisiwemo.
- Habari kamili ziwe katika jalada la pekee, lenye neno la siri, wanalolijua mchungaji na mtu mmoja mwingine aliyechaguliwa na baraza.
- Jina lake lisitajwe katika makundi ya WhatsApp ya kwaya, ya akina mama, ya vijana, wala ya mtaa. Huwezi kujua ujumbe uliotumwa leo utakuwa katika simu ya nani kesho.
- Katika barua usitumie maneno ya kanisa asiyoyatumia yeye mwenyewe. Akiandika "kazi ya shule", nawe andika "kazi ya shule".
- Nakala ya pasi yake usiitunze ofisini ila kama kuna haja iliyo wazi. Haja ikiisha, iharibu.
- Orodha ya wamisionari inapochapwa kwa ajili ya mkutano mkuu, isome wewe mwenyewe kabla haijakwenda kwa mpiga chapa.

Jambo la tatu ndilo linalovunjwa kila siku, na huvunjwa kwa upendo: mama anamwombea mwanawe katika kundi la WhatsApp, akataja jina na mji. Mwelezeni mama huyo mapema, mchungaji kwa kinywa chake mwenyewe, nyumbani kwake, siyo kwa tangazo.

Akiwa huko

Chukua mfano wa aliyekwenda Ujerumani, maana waonyesha vizuri jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa na makanisa mawili bila kuhama. Huko mkazi mpya hujiandikisha katika ofisi ya mji, na huulizwa dini yake. Akijitaja kuwa Mprotestanti, habari hiyo hupelekwa kanisani, naye kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa usharika wa pale anapokaa, na akiwa na mshahara unaotozwa kodi ya mapato, hukatwa pia kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 ya kodi hiyo ya mapato katika Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 katika majimbo mengine. Wewe huku waona bahasha tupu, ilhali yeye kule anatoa kila mwezi kabla mshahara haujafika mkononi. Kwa hiyo usimwandikie deni la ahadi. Andika "ahadi imesimamishwa tangu tarehe fulani kwa sababu ya utumishi", na uliombe baraza la wazee lipitishe jambo hilo katika kikao. Katika safu ya uanachama abaki wa kwenu. Katika safu nyingine, iitwayo "anahudumiwa na", andika jina la usharika mwenyeji. Na katika hesabu ya mwaka ya dayosisi mtaje kwenye mstari wake wa pekee, "washarika walio utumishini nje", ili asichanganywe na wanaohudhuria.

Fedha nazo zatenganishwa. Anachotoa yeye ni sadaka yake. Wanachochanga washarika kwa ajili yake ni msaada wa misioni, nacho huandikwa katika hesabu ya misioni bighairi ya jina lake la matoleo. Nimewahi kuona daftari la matoleo likimwonyesha mmisionari kuwa mtoaji mkubwa wa mwaka, kumbe ni michango ya wengine iliyopitia jina lake.

Akipata mtoto huko na mtoto akabatizwa huko, ubatizo huo ni wa kitabu cha huko. Usimpe namba ya kitabu chenu cha ubatizo, kwa sababu hamkumbatiza. Mwandike katika daftari la washarika chini ya wazazi wake, pamoja na mahali, tarehe, na namba ya hati ya kule, na nakala ya hati iwekwe jaladani. Wakatoliki wana utaratibu mwema wa kuigwa katika hili: Sheria ya Kanisa yao ya mwaka 1983, kanuni ya 535, yataka kipaimara, ndoa na daraja takatifu vya mtu viandikwe katika kitabu cha ubatizo wake, hata kama vilifanyika mbali, hata ikawa ukurasa mmoja unasimulia maisha mazima. Nasi twaweza kufanya hivyo kwa safu ya "maelezo" na kalamu yenye subira.

Kila miezi mitatu, fanya ukaguzi:

1. Toa orodha ya wote walio utumishini ambao tarehe yao ya kukaguliwa imefika.
2. Mwandikie kila mmoja barua fupi, ukimtumia habari ulizonazo juu yake na kumwomba asahihishe. Anza kwa salamu na habari za nyumbani. Usimtumie fomu tupu.
3. Akijibu, andika mabadiliko, tarehe, na habari umezipata kwa nani.
4. Namba au anwani iliyokufa usiifute. Andika "haitumiki tangu" na tarehe.
5. Asipojibu, ngoja majuma mawili, mwandikie tena, kisha waulize ndugu wa kuarifiwa, kisha chama kilichomtuma.
6. Ukimya wowote, hata wa mwaka mzima, hauwi sababu ya kugusa safu ya uanachama. Mpelekee mchungaji habari. Hilo ni lake.

Ikiwa habari ya kifo itakufikia, usiandike kitu kabla ya kuthibitishwa na chama kilichotuma au na jamaa, na kabla mchungaji hajafika nyumbani kwa wazazi. Kisha andika kwa ukamilifu: siku, mahali, mahali pa kaburi, na aliyeleta habari. Wajukuu watalitafuta kaburi hilo.

Akirejea

Likizo si kurejea. Mtu anayekuja miezi mitatu kusalimu na kutibiwa, kisha akarudi kazini, hali yake ni "likizoni nyumbani", na mstari wake wa utumishi haufungwi. Aliyerejea moja kwa moja ndiye mwenye orodha hii:

☐ Mstari wa utumishi umefungwa kwa tarehe na kwa neno "amerejea"
☐ Maskani mapya yameandikwa, na mzee wa mtaa wa hapo ameambiwa
☐ Kila mtoto ameangaliwa peke yake: nani amerudi, nani amebaki huko shuleni
☐ Hati za ubatizo, kipaimara na ndoa zilizofanyika ng'ambo zimepokewa
☐ Safu ya "anahudumiwa na" imefungwa, na usharika mwenyeji umeandikiwa barua ya shukrani
☐ Ahadi imefunguliwa tena kwa kiasi anachokisema yeye sasa
☐ Fomu ya idhini imejazwa upya, hasa kwa aliyetoka mahali penye hatari, kwa sababu wenyeji aliowaacha bado wako huko
☐ Ameombwa kuandika kurasa chache za habari za utumishi wake, ziwekwe jaladani

Hilo la mwisho usiliharakishe. Wengine warudipo huwa wamechoka au wamejeruhika moyoni, na kurasa hizo huja baada ya mwaka, au huja kwa kuzungumza huku wewe ukiandika.

Kulihifadhi, na kulikabidhi

Toa nakala ya akiba ya kanzidata kila mwisho wa mwezi, moja ikae ofisini na nyingine ikae nje ya ofisi mahali pa kufungwa, na mara mbili kwa mwaka uifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba yasomeka. Kila mwaka chapa kurasa za walio utumishini, isipokuwa zile za siri, uzishone ndani ya kitabu.

Nawe siku moja utaondoka katika kiti hicho. Usiondoke kwa kuacha ufunguo mezani. Kaa na karani mpya, mpitie mtu mmoja mmoja aliye ng'ambo, umwambie yale ambayo safu hazina nafasi nayo: kwamba huyu hupenda kupigiwa simu Jumapili jioni, kwamba mama wa yule hasikii vizuri na yafaa kwenda kwake kuliko kumpigia. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akabidhiwe mchungaji, na siku karani mpya anapoanza kazi yabadilishwe yote. Kisha waandikieni wote walio utumishini barua moja yenye sahihi mbili, yako na ya karani mpya, kuwajulisha kwamba kuanzia sasa barua zao zitafunguliwa na nani.